Mbio Zinazoishia Bustanini



Jumamosi na Jumapili alfajiri, kabla magari hayajajaa barabarani, husikika katika miji yetu sauti za vijana wanaokimbia pamoja. Anayetangulia huanzisha wimbo, wengine huitikia, na miguu hupiga lami kwa mwendo mmoja. Lubumbashi, Kalemie, Bukavu, Goma: kila mahali desturi hiyo inajulikana, nasi tumezoea kuiita futingi. Haidai kiwanja wala kiingilio. Haidai hata viatu vizuri. Baada ya saa moja hivi kundi hurudi pale lilipoanzia, watu hujinyoosha na kucheka kidogo, kisha kila mmoja huenda kwao kuoga.

Tujiulize pamoja: nguvu ile yote imekwenda wapi? Siulizi kwa lawama. Kukimbia ni afya ya mwili na furaha ya moyo, na kijana anayeamka alfajiri kukimbia na wenzake ameshashinda uvivu. Lakini mara nyingi, kando ya njia ile ile wanayoipita wakiimba, wapo akina mama walioinama juu ya matuta ya lengalenga na matembele, wakimwagilia kwa bidoni moja baada ya jingine. Makundi haya mawili huamka saa ile ile na kutoka jasho saa ile ile, ila hayakutani.

Maoni yangu ni kwamba yafaa yakutane. Mara moja kwa juma, kundi la vijana likimbie hadi bustani ya jumuiya, lifanye kazi ya kujitolea kwa muda usiozidi saa moja, kisha lirudi kwa mbio au kwa miguu. Nitaeleza kwa nini naona jambo hili lina maana ya pekee kwetu sisi Wakongo. Nitaeleza pia masharti yake, kwa sababu bila masharti hayo wema wetu utakuwa usumbufu kwa wenye bustani.

Wazo lenyewe si geni duniani. Huko London, katika wilaya ya Tower Hamlets, mwishoni mwa miaka ya 2000, kijana mmoja aitwaye Ivo Gormally aliona ajabu kwamba watu hulipa fedha ili wainue vyuma na kukimbia juu ya mashine ambayo haiwafikishi popote. Nguvu zao zinaishia hewani, na wakati huo huo mtaani kuna wazee wanaokaa peke yao na kazi nyingi zisizo na mikono. Yeye mwenyewe alianza kwa kukimbia hadi nyumbani kwa mzee mmoja asiyeweza kutoka, akimpelekea gazeti. Kutokana na mwanzo huo mdogo kilizaliwa chama kiitwacho GoodGym, ambacho leo kina makundi katika miji mingi ya Uingereza. Wanachama wake hukutana siku maalumu ya juma na kukimbia pamoja hadi mahali penye kazi. Mara nyingi mahali hapo ni bustani ya jumuiya. Huko husogeza udongo, hukata vichaka na kubeba mboji, kisha hukimbia kurudi. Nao wazee wanaotembelewa nyumbani wamepewa jina la kocha, kwa sababu mkimbiaji huamka na kutoka nje kwa ajili yao. Bila wao angebaki kitandani.

Jina hilo la kocha lina fundisho. Anayesaidiwa hakuitwa maskini wala mhitaji. Ameitwa mtu anayekufanya uwe mkimbiaji bora kuliko ulivyo. Tulishike fundisho hilo, tutalihitaji mbele.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kinachofaa London chaweza kuhamishwa jinsi kilivyo hadi Lubumbashi. Kule, wengi wa wakimbiaji ni watu wanaoketi ofisini mchana kutwa, na kushika jembe kwao ni mapumziko. Kwetu jembe lina historia nyingine, nayo ni nzito.

Babu zetu walilimishwa. Tangu mwaka 1917 serikali ya Kongo ya Wabelgiji iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, pamba ikiwa mojawapo, kwa siku 60 kila mwaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku hizo ziliongezwa hadi 120. Asiyelima aliadhibiwa. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, utawala wa Mobutu ulileta salongo, kazi ya pamoja ya lazima ya kufyeka, kufagia na kulima. Katika maneno ilikuwa sifa ya taifa, lakini watu wengi waliifanya kwa kuogopa faini na macho ya viongozi. Na sisi walimu hatuwezi kujitoa katika hesabu hiyo. Ni shule ngapi katika nchi yetu ambamo mwanafunzi aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani hutumwa kulima shamba la mwalimu? Mtoto aliyeadhibiwa hivyo kwa miaka sita amejifunza somo moja kwa ukamilifu, kwamba jembe ni la mwenye kosa. Tusishangae basi akifika umri wa miaka 18 akiona aibu kuonekana na jembe begani mtaani kwao.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya mbio. Aliyetumwa kulima kwa adhabu hutembea polepole, huburuta miguu, hutazama jua. Anayefika bustanini akikimbia, akiimba, katikati ya wenzake, hakuna anayeweza kusema kwamba ametumwa. Wapita njia wanamwona, naye mwenyewe anajiona: amekuja kwa hiari yake, na kazi anayoishika ni sehemu ya furaha iliyomwamsha alfajiri. Mbio zinaondoa adhabu katika jembe, na jembe linazipa mbio mahali pa kufika. Ndiyo maana sisemi tu kwamba vijana wasaidie bustani. Hilo limesemwa mara nyingi, likasikilizwa kwa adabu, likasahauliwa. Nasema waende mbio.

Sasa nije kwenye masharti. Mbio ni za mkimbiaji, naye aweza kuzipanga apendavyo. Bustani ina mwenyewe na ina majira yake, haipangiki kwa mapenzi ya mgeni. Hebu tupige hesabu. Tuta moja lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, katika kiangazi, linahitaji kadiri ya lita 50 za maji kwa siku. Matuta kumi yanahitaji lita 500, yaani bidoni 25 za lita 20, na kila bidoni lina uzito wa kilo 20. Mama mmoja akibeba bidoni moja moja, ni safari 25 kutoka kijitoni. Vijana 25 wakifika pamoja, kila mmoja anakwenda safari moja tu na kazi imekwisha kabla jasho la mbio halijakauka.

Hesabu hiyo ni tamu, na mtu aweza kuishia hapo akipiga makofi. Lakini mboga hunywa kila siku. Jumamosi tumemwagilia sote. Jumapili, Jumatatu, hadi Ijumaa, mama amerudi kwenye safari zake 25. Tena kama ametuzoea, na Jumamosi moja tusipotokea kwa sababu ya mechi au mvua ya manyunyu, basi tumemwachia hasara juu ya uchovu. Kwa hiyo kundi linalokuja mara moja kwa juma lisiahidi kazi ya kila siku. Lichague kazi ambayo ikifanyika leo faida yake inabaki hadi tutakaporudi.

Kazi za namna hiyo ziko nyingi. Kuchimba na kuinua matuta mapya. Kupanua dimbwi la maji ili safari ya kijitoni ifupike. Kujenga uzio wa kuzuia mbuzi. Kukata nyasi kavu na kuzitandaza juu ya udongo kati ya mistari ya mboga, ili jua lisiukaushe upesi na maji yatoshe kwa muda mrefu zaidi. Kubeba samadi kutoka zizini. Na kazi ninayoipenda kuliko zote kwa makundi yenu ni kutengeneza mboji. Lundo la majani mabichi, nyasi kavu, samadi na majivu kidogo, lenye kimo cha mita moja au zaidi kidogo, huhitaji kulowanishwa na kugeuzwa kila baada ya majuma mawili au matatu. Kugeuza ni kazi nzito kwa mtu mmoja na nyepesi kwa watu wengi, haihitaji ufundi mkubwa, nayo inalingana vizuri na kalenda ya Jumamosi. Baada ya miezi mitatu hivi lundo limekuwa udongo mweusi usio na harufu mbaya. Kijana aliyeligeuza tangu mwanzo anaona kwa macho yake uchafu wa soko ukigeuka chakula cha mchicha. Sijui somo la elimu ya viumbe linaloshinda hilo.

Zipo pia kazi ambazo mkimbiaji asizikimbilie. Kung'oa magugu ni mojawapo. Kwa macho ya asiyezoea, mche mchanga wa karoti na gugu ni kitu kimoja, na mikono 20 yenye haraka yaweza kuharibu kwa robo saa kazi ya mwezi mzima. Kupandikiza miche ni nyingine, maana mizizi haipendi vishindo, na jua la saa nne asubuhi laweza kuiua. Kazi hizi hujifunzwa polepole, watu wawili au watatu pembeni ya mama mwenye ujuzi.

Ndiyo maana sharti la kwanza kabisa ni hili: mwenye bustani ndiye anayepanga kazi. Kundi likifika, kiongozi wake asitoe hotuba wala asigawe kazi. Aamkie kwa heshima, kisha aulize: Mama, leo utupe kazi gani? Na jibu likiwa, leo hakuna kazi, wanangu, pumzikeni mnywe maji, basi kundi linywe maji na lirudi. Tuwakumbuke wale wazee wa London wanaoitwa makocha. Mama wa bustani ndiye kocha wenu. Amelima miaka mingi kabla hamjazaliwa. Anajua ni wakati gani funza hushambulia kabichi na ni upande gani wa bonde udongo huhifadhi unyevu. Mkimfanya kuwa mtu wa kusaidiwa tu, mtampunguzia heshima, nanyi mtapoteza mwalimu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii kwa kawaida huelekezwa kwa mgeni mvivu. Mimi naiona inawahusu pia wageni wenye bidii. Juma la kwanza mtapokewa kwa vigelegele. Juma la pili mtapokewa kwa tabasamu. Juma la tatu hamtapokewa. Mtaoneshwa tu palipo majembe. Makundi mengi huvunjika moyo hapo, kwa kudhani kwamba wamedharauliwa. Kumbe hapo ndipo wamekubaliwa. Ugeni umekwisha, na mwenye nyumba hamshangilii mwanawe kila anaporudi nyumbani.

Sharti la pili linahusu jambo ambalo limeharibu moyo wa kujitolea katika nchi yetu, nalo tulitaje kwa jina lake: perdiem. Kwa miaka mingi, hasa mashariki, kila mkutano na kila kazi ya jumuiya iliyopita mikononi mwa miradi ya misaada imekuja na bahasha ya usafiri, fulana, soda na picha. Siwahukumu waliopokea, shida ni shida. Lakini matokeo yake tunayaona. Leo kijana akiitwa kusafisha mtaro ulio mbele ya mlango wao wenyewe, swali la kwanza ni nani aliyeleta mradi. Mbio za bustanini hazina mradi. Hakuna usafiri wa kulipwa, maana usafiri ni miguu. Fulana iliyochakaa inafaa kuliko mpya. Na mboga ni za mwenye bustani hadi atakapotoa mwenyewe. Asiwepo anayechuma hata jani moja kwa kusema, nimelitolea jasho. Akikupa fungu la matembele, upokee kwa mikono miwili na umpelekee mama yako nyumbani. Chakula hicho hakipimwi kwa franka.

Sharti la tatu ni kwamba mbio zisiwe za wenye miguu tu. Mwendo wa kundi uwe mwendo wa yule aliye nyuma, si wa yule aliye mbele. Kilomita tatu au nne za kwenda zinatosha; tunakwenda kufanya kazi, hatukimbii ili tuanguke mlangoni. Mwenye pumu, mwenye ulemavu, au dada aliyemwacha mtoto mdogo nyumbani aanze safari mapema kwa kutembea, au aende moja kwa moja bustanini. Kule kuna kazi za kukaa chini, kama kuchambua mbegu na kuandaa vitalu, ambazo bustani haiwezi kuendelea bila hizo. Na kuhusu maji, niseme wazi kwa wavulana. Kwetu kubeba maji kumeachiwa wasichana na akina mama tangu zamani. Mkifika bustanini wavulana wakashika majembe kwa sifa na wasichana wakaelekezwa kijitoni, mtakuwa mmekimbia kilomita nne ili kurudia yale yale mliyoyaacha nyumbani. Kila mmoja na bidoni lake.

Yapo mapingamizi, nami sitaki kuyaruka.

La kwanza husemwa na wazazi: watoto wetu hawashibi, ninyi mnawakimbiza! Neno hili ni la kweli na linastahili kusikilizwa. Mwenye njaa asilazimishwe kukimbia, na asionewe aibu akibaki nyuma. Kundi lenye busara hupanga uji. Unga kidogo unaochangwa na wote, sufuria moja, kuni za bustanini, na kila mtu hunywa kikombe kabla ya kurudi. Pia maji ya kunywa yaliyochemshwa yaende nasi. Ya kijitoni ni ya mboga. Zaidi ya hapo, mbio za polepole za kilomita tatu mara moja kwa juma si mzigo utakaomdhoofisha kijana mwenye afya. Wengi wa vijana wetu wa mjini siku hizi huketi kwa saa nyingi, iwe darasani, iwe kwenye kibanda cha kuuza vocha, iwe juu ya pikipiki wakingoja abiria.

La pili ni la tahadhari. Kundi kubwa la vijana wanaokimbia na kuimba ni nguvu inayoonekana, na kila nguvu inayoonekana huogopwa na wengine na kutamaniwa na wengine. Majirani zetu wa Burundi wanalijua hilo. Mwezi wa tatu mwaka 2014, baada ya polisi kupambana na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani mjini Bujumbura, utawala ulizuia watu kukimbia kwa makundi barabarani na kuwatengea mahali maalumu. Kwetu pia, wakati wa uchaguzi ukikaribia, hakosekani mwanasiasa mwenye fulana za kugawa kwa kundi lolote lenye mdundo. Kwa hiyo mkuu wa mtaa ajulishwe mapema siku, njia na kusudi la mbio, na kundi likatae rangi ya chama chochote. Bustani yenyewe ni ulinzi mzuri. Anayewashuku huoneshwa matuta, na anayewataka kwa kampeni huoneshwa jembe. Kati ya hao wawili, wa pili ndiye atakayeondoka upesi zaidi.

La tatu linahusu mahali. Sisi wa Katanga tunaishi juu ya madini, na baadhi ya mabonde yetu yamebeba vumbi la viwanda na maji ya migodi. Mboga hunyonya kilichomo udongoni. Shaba, kobalti na risasi havionekani kwa macho wala havitoki kwa kuosha. Kabla ya kulitolea jasho bonde fulani, tuwaulize wazee lilikuwa nini zamani na maji yake yanatoka wapi. Wataalamu wa kilimo wa chuo kikuu wanaweza kuelekeza. Kadhalika njia ya mbio: tusichague barabara ya malori makubwa wakati wa kiangazi, ambapo mapafu yanayofunguliwa na mbio hujazwa vumbi. Vichochoro vya ndani ni virefu kidogo, lakini ni salama.

Na la nne, lililo zito kuliko yote, ni hili: je, bustani ndogo ya mboga inabadilisha nini? Jiji la Lubumbashi hula unga ambao sehemu kubwa yake hutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoiharibu mahindi ya Zambia na nchi hiyo ikazuia kuuza nje, sufuria za bukari mjini kwetu zilihisi siku zile zile. Matuta kumi ya lengalenga hayawezi kuziba pengo hilo, na anayewaambia vijana kwamba yanaweza anawadanganya. Gunia la unga litatoka kwenye mashamba makubwa, kwenye barabara zinazopitika na kwenye sera nzuri za serikali.

Lakini tuulize pia ni nani atakayelima mashamba hayo makubwa miaka 20 ijayo. Ni nani atakayekuwa afisa kilimo anayejua udongo kwa vidole vyake, si kwa karatasi tu? Ni diwani gani atakayekataa kuuza bonde la akina mama kwa mjenzi wa ghorofa? Hawa wote, kama watakuwepo, leo wana umri wa miaka 15 au 20, na Jumamosi alfajiri wanakimbia barabarani wakiimba. Kizazi kinachoona jembe kuwa adhabu hakitajilisha, hata kikipewa matrekta. Matuta kumi hayatalisha jiji. Yaweza kuwapatanisha vijana 25 na kazi ya mikono, na hilo si jambo dogo. Jembe halimtupi mtu, walisema wazee. Kinachotokea siku hizi ni kwamba mtu ndiye anayelitupa jembe, kabla hajalijua.

Ninapendekeza basi jambo jepesi la kuanzia. Kila kundi lichague bustani moja tu, iliyo karibu, yenye wenyewe wanaojulikana. Wajumbe watatu waende kwanza kwa miguu, bila kelele, wakaombe ruhusa na kuuliza kazi zipi zinahitaji watu wengi. Majembe yawe matano au sita ya kuazima mtaani, yasinunuliwe mapya. Yahifadhiwe kwa mwenye bustani. Kwetu Katanga mbio zianze mwezi wa tano, mvua zinapokwisha, maana kiangazi ndicho wakati wa mboga za kumwagilia, na asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba ni nzuri kwa kukimbia. Ahadi iwe ya Jumamosi 12, bila kukosa. Si mwaka mzima, si milele, bali 12 zinazohesabika. Mtu awekwe wa kuandika daftari: tarehe, waliofika, kazi iliyofanyika. Kilomita zisiandikwe, hazimhusu mwenye bustani.

Baada ya Jumamosi ya 12, kundi liketi na akina mama wa bustani, nao waseme bila haya kipi kilisaidia na kipi kiliwasumbua. Wasikilizwe hadi mwisho. Huenda wakasema njooni wachache zaidi, au njooni jioni, au acheni kuimba karibu na mizinga ya nyuki. Hapo ndipo kundi litakapoamua kama linaendelea, na kwa namna gani.

Na kama ikitokea Jumamosi ya 13 hamkufika, na mama mmoja akainua kichwa juu ya matuta yake akauliza, watoto wako wapi leo?, jueni kwamba mbio zenu zimeanza kufika mahali.